Mgeni Apimiwe Nafasi

Likizo iliyopita tulikuwa Kiloleli, mkoani Simiyu, kwa kazi za kichungaji. Tulikuwa mafrateri wanne. Asubuhi tulikwenda vigangoni kufundisha, na mchana tulikaa ofisini tukihamishia madaftari ya ubatizo kwenye kompyuta, maana mchwa walikwisha kuonja kurasa za yale ya zamani. Tulichapa jina la mbatizwa, tarehe, wazazi na msimamizi, mstari baada ya mstari. Siku ya tatu kompyuta ikagoma. Kila tulipotaka kuhifadhi kazi, ilituandikia kwamba diski imejaa.

Mchana huohuo akaja mama mmoja kwa bodaboda, vumbi la njiani likiwa bado kwenye khanga yake. Binti yake yuko Mwanza, anataka kufunga ndoa, na paroko wa huko anahitaji cheti cha ubatizo. Daftari la mwaka aliobatizwa lilikuwa mojawapo ya yale yaliyopelekwa Bariadi kujaladiwa upya. Tulikuwa tumemaliza kulichapa jana yake, lakini faili lile lilikatika wakati wa kuhifadhiwa na sasa halikufunguka.

“Frateri, ina maana jina la mwanangu limepotea?”

“Hapana, mama. Daftari lipo kwa fundi, litarudi.”

“Na hii mashine mliyosema inatunza?”

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tukamwomba arudi baada ya siku mbili. Akakubali kwa upole, akatafuta bodaboda nyingine ya kurudi. Nauli ya safari ile ilikuwa yake, na kosa lilikuwa letu.

Tunasema kosa lilikuwa letu kwa sababu tulipochunguza kilichojaza diski, tulikuta ni kitu tulichokiweka kwa mikono yetu. Wawili kati yetu walikuwa Kiloleli mwaka uliotangulia. Wakati huo walisakinisha kwenye kompyuta hiyo programu iitwayo BOINC, wakaiunganisha na miradi mitatu ya utafiti, wakafurahi kwamba hata ofisi ya kijijini inachangia sayansi ya ulimwengu. Kisha likizo ikaisha, wakarudi seminarini, wakaisahau. Programu haikusahau. Iliendelea na kazi yake mwaka mzima, kila umeme ulipokuwepo.

Kwa wasioifahamu, tueleze kwa ufupi. Kuna hesabu za kisayansi ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka mingi sana. Watafiti huzikata vipande vidogo vidogo na kuvituma kwa watu waliojitolea, popote walipo duniani. Kompyuta ya mtu huyo, inapokuwa imewashwa lakini haina shughuli, hupiga hesabu ya kipande chake na kurudisha jibu kwa intaneti. Mradi wa SETI@home, ulioanza Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ndio ulioipa njia hii umaarufu. Ulitafuta ishara za viumbe wenye akili katika mawimbi ya redio yatokayo angani, na uliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Kutoka hapohapo Berkeley, mwaka 2002, David Anderson alianzisha BOINC, ili programu moja iweze kuhudumia miradi mingi tofauti.

Msukuma haoni ajabu katika jambo hili. Vikundi vya bugobogobo hulima shamba la mtu kwa pamoja, ngoma ikipigwa na majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Shamba ambalo familia moja ingelihangaikia kwa wiki kadhaa humalizika upesi, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake ndogo. BOINC ni bugobogobo ya kompyuta.

Wala si jambo la mbali na sisi Watanzania. Mwaka 1957 Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki ilifungua maabara ndogo huko Ifakara, mahali ambapo Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa wametangulia kwa utume wao. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Nusu karne baadaye, taasisi hiyohiyo ya Uswisi ilishirikiana na CERN na wengine kuendesha mradi wa MalariaControl.net, chini ya mwavuli ulioitwa Africa@home, uliozinduliwa mwaka 2006. Kompyuta za watu wa kujitolea zilipiga hesabu za namna malaria inavyoenea na namna chandarua, dawa au chanjo vinavyoweza kuipunguza. Katika majaribio ya kwanza watu wapatao 500 walitosha kufanya, kwa miezi michache tu, hesabu ambazo zingeichukua kompyuta moja miaka ipatayo 150. Mradi huo umeshafungwa, ila tulioumwa malaria utotoni hatuwezi kuudharau.

Mfano mwingine unamgusa moja kwa moja mkulima wa pamba wa Simiyu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, walianzisha mradi wa mvua za Afrika kupitia World Community Grid, mtandao wa kujitolea ambao IBM iliuanzisha mwaka 2004 na ambao baadaye ulihamia Taasisi ya Krembil, Toronto. Nia yao ilikuwa kukadiria mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa eneo dogo dogo la kilomita moja hivi. Kwetu mvua inaweza kunyesha upande huu wa kilima na kuacha upande wa pili mkavu, kwa hiyo kazi kama hiyo ina thamani isiyohitaji kuelezwa.

Kwa hiyo hatuandiki makala hii kuwaambia wasomaji waikatae programu hiyo. Tunaandika kusema jambo moja: ukarimu usio na kipimo huishia kumnyima mtu wa nyumbani haki yake, na hapo hauwi tena ukarimu bali uzembe wenye jina zuri. Anayekaribisha mgeni kwenye kompyuta ya watu wengi ana wajibu wa kumpimia nafasi, kumwandika, na kurudi kumwangalia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu anashangaza kwa sababu amekuja na jembe lake na analima tangu saa ya kwanza. Lakini analala wapi, na mazao yake anayaweka wapi? Hapo ndipo diski inapoingia. Kila mradi huleta programu yake, huleta data za kufanyia kazi, hufungua folda ya muda kwa kila hesabu inayoendelea, na huweka majibu yaliyokamilika hadi yatumwe. Miradi ya tabianchi ina mafaili makubwa. Mingine, kama baadhi ya kazi za LHC@home za CERN, hupakua mfumo endeshi mzima na kuuendesha ndani ya kompyuta yako. Pale Kiloleli bando la ofisi lilikuwa dogo na liliisha mara kwa mara. Kwa hiyo majibu mengine yalikuwa yamekaa kwa miezi yakisubiri kutumwa, mithili ya magunia barazani ambayo mwenye gari hajaja kuyachukua. Mengi yalikuwa yamepitwa na tarehe ya mwisho, na kazi ileile ikawa imekwisha kupewa mtu mwingine.

Diski yetu ilikuwa ya gigabaiti 120. Folda ya BOINC peke yake ilishika 43.

Mmoja wetu alitaka kuifuta folda nzima papo hapo. Tunamwelewa, sura ya yule mama ilikuwa bado mbele ya macho yetu. Alituambia tusome kitabu cha Nehemia, sura ya 13. Kuhani Eliashibu alimpa rafiki yake Tobia chumba kikubwa hekaluni, chumba kilichokuwa cha kuwekea sadaka za unga, ubani, vyombo na zaka za nafaka, divai na mafuta. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikasirika, akatupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaagiza vyumba vitakaswe, akarudisha vyombo vya nyumba ya Mungu mahali pake. “Na sisi tufanye hivyo,” akasema.

Tulikubaliana naye kuhusu chumba, hatukukubaliana naye kuhusu mgeni. Tobia alikuwa adui wa kazi ya Nehemia, na mgeni wetu hakuwa adui wa mtu. Aliingia kwa mlango tuliomfungulia, akakaa pale tulipomwacha akae. Programu ile ina sehemu ya kuweka mipaka ya diski, nasi hatukuigusa. Tena kuna sababu ya kiufundi ya kutofuta kwa hasira. Ukifuta mafaili wakati programu inaendelea, hesabu zilizo mbioni huharibika na umeme uliokwisha kutumika unakuwa wa bure. Mbaya zaidi, programu ikiwa bado imeunganishwa na miradi, hupakua upya vitu vilevile kwa bando lako, na baada ya wiki kadhaa unarudi pale ulipoanzia.

Tuliloamua kulifanya ni hili, na tunalieleza kwa sababu tunajua ziko ofisi na shule nyingine zenye shida kama yetu. Kwanza tulinakili picha zote za madaftari na majedwali yaliyosalimika kwenye diski ya nje, kabla ya kugusa chochote. Pili tulifungua BOINC na kutazama sehemu inayoonyesha matumizi ya diski, ambako kila mradi una kiasi chake. Tatu tuliuagiza kila mradi usichukue kazi mpya. Tukanunua bando, tukaacha kazi zilizokaribia kwisha zimalizike na majibu yatumwe. Hilo lilichukua usiku mmoja na asubuhi yake. Nne, miradi ilipokuwa haina kazi tena, tuliiondoa mmoja mmoja kwa kutumia programu yenyewe, nayo ikafuta mafaili ya kila mradi. Mwisho tuliiondoa programu kwenye kompyuta ile.

Hapo kuna mtego ambao wengi huuangukia. Kuondoa BOINC kwenye Windows hakuondoi folda ya data. Hiyo hubaki palepale, ndani ya folda ya ProgramData ambayo kwa kawaida imefichwa, nawe ukaendelea kujiuliza kwa nini diski bado imejaa. Ikiisha kuondolewa programu, ndipo folda hiyo inapoweza kufutwa kwa mkono bila madhara.

Tulipomaliza tulidhani tumeshinda. Kisha tukatazama vitu vingine vilivyomo kwenye diski, na tuliyoyaona yalitutia aibu. Gigabaiti 31 zilikuwa video: sherehe za upadrisho, mashindano ya kwaya, na filamu ambazo hakuna aliyekiri kuzileta. Video moja ya kwaya ilikuwa na nakala nne katika folda nne. Mgeni alikuwa amelaumiwa siku mbili nzima, kumbe wenyeji nao walikuwa wamelalia magunia yao wenyewe. Tungemtupa nje kwa hasira bila kupekua, tungebaki na nusu ya tatizo na dhamiri safi isiyostahili.

Wapo watakaotuambia kwamba tunakuza jambo dogo. Diski siku hizi ni bei nafuu, watasema, nunueni kubwa zaidi. Hatukatai kwamba ofisi inahitaji diski nzuri. Lakini katika Injili ya Luka, sura ya 12, yule tajiri naye alipanga kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi, na hilo halikumwokoa. Asiyejua kilichomo katika ghala dogo hatakijua katika ghala kubwa, atachelewa tu kugundua. Programu isiyowekewa mpaka itapanuka kufuata nafasi iliyopo, na video zetu hali kadhalika.

Wapo pia watakaosema kinyume: ofisi ya kijijini haina haki ya kujitolea kwa sayansi ya walio na vingi. Waachiwe Wazungu wenye kompyuta za akiba. Hoja hii ina uzito, hasa kwa upande wa umeme. Kompyuta inayopiga hesabu hula umeme zaidi kuliko iliyotulia, na anayelipa luku anajua. Mahali panapotegemea sola na betri, tunakubali kabisa kwamba programu hii isiwekwe. Ila hatupendi fundisho kwamba maskini kazi yake ni kupokea tu. Yule mjane wa hekaluni alitoa senti mbili na Bwana akamsifu. Lakini tukumbuke kwamba alitoa vya kwake. Sisi tulitoa nafasi isiyokuwa yetu, nafasi ya waamini wa Kiloleli, bila kuwauliza.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha jambo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya wabatizwa, vya ndoa na vya marehemu, na inamtaka paroko ahakikishe vinaandikwa kwa usahihi na kutunzwa kwa uangalifu. Kwa mtu wa kijijini daftari hilo si karatasi tu. Ndilo linalomwezesha kufunga ndoa, kusimamia mtoto wa jirani na kujiunga na utawa. Mara nyingi ndiyo kumbukumbu ya zamani kuliko zote ya tarehe yake ya kuzaliwa. Chombo kinachobeba kumbukumbu hiyo kina mwenyewe, naye ni yule anayekuja kuitafuta kwa bodaboda.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kompyuta inayotunza madaftari ya parokia isiwe na programu ya kujitolea ya namna hii hata kidogo. Ibaki na kazi moja. Anayependa kuchangia utafiti, na tunatumaini wengi watapenda, atumie kompyuta yake mwenyewe au ya maabara ya shule ambako umeme ni wa uhakika na wenye shule wamekubali. Aanze kwa kuweka mipaka. BOINC inakubali uiambie isizidi gigabaiti ngapi, iache wazi angalau kiasi gani, na isipite asilimia ngapi ya diski, nayo hufuata mpaka ulio mkali kuliko mingine. Gigabaiti 10 zinatosha mradi mmoja wa kawaida. Achague mradi mmoja anaouelewa, si mitatu kwa mkupuo kama sisi.

Tena kila kinachosakinishwa kiandikwe. Tulianzisha pale ofisini daftari dogo, la kawaida la kurasa 40, linalokaa kando ya kompyuta. Linaandikwa tarehe, jina la programu, aliyeiweka, sababu, na tarehe ya kuja kuiangalia tena. Asiyeweza kurudi kuiangalia, kama frateri anayeondoka likizo ikiisha, aiondoe kabla hajafunga begi lake, au amkabidhi katibu wa ofisi kwa maelezo na kwa ridhaa yake. Sisi hatukukabidhi. Tuliondoka na sifa ya wema tukamwachia mwingine mzigo.

Yule mama alirudi baada ya siku mbili kama alivyoahidi. Daftari lilikuwa limefika kutoka Bariadi na jalada jipya la kitambaa cheusi. Jina la binti yake lilikuwepo, ukurasa wa katikati, kwa wino uliofifia lakini unaosomeka. Aliomba alione kwa macho yake, akaweka kidole juu yake kwa muda, halafu akauliza kama sasa limeingia na kwenye mashine. Tulimwonyesha kwenye kioo. Padre akatia sahihi na mhuri, naye akakikunja cheti ndani ya kitambaa.

Tulimwomba radhi kwa nauli ya mara mbili. Alicheka, akasema mashine nazo hushiba. Ndiyo, mama, hushiba. Tutakaporudi Kiloleli likizo ijayo, jambo la kwanza tutakalofanya ni kulifungua lile daftari la kurasa 40 tuone nani ameingia na amepimiwa nafasi kiasi gani.